Baiskeli ya babu irudi barabarani, ila ekseli ipimwe kwanza

Katika nyumba nyingi za Rungwe ipo baiskeli moja ambayo haijapandwa miaka mingi. Imeegemezwa ukuta wa nyuma ya jiko, au imening'inizwa kwenye boriti za stoo juu ya magunia ya viazi. Yaweza kuwa Raleigh ya babu, Phoenix ya baba iliyobeba ndizi hadi sokoni, au Swala, ile iliyotengenezwa Dar es Salaam na NABICO enzi za mashirika ya umma. Bodaboda zilipoingia, ikastaafishwa bila kuagwa.

Kisha mtoto anachaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza. Shule iko ng'ambo ya mabonde mawili, nauli ya kila siku haipo, na jioni moja mtu mzima anasimama mlangoni akiitazama ile baiskeli upya.

Wazo hilo halina ubaya. Mtoto anayetembea zaidi ya saa nzima kwenda shule huondoka gizani na kurudi gizani. Baiskeli humrudishia usingizi, muda wa kula na muda wa kusoma. Chuma cha zamani nacho si cha kudharauliwa: fremu za baiskeli hizo ni nzito kwa sababu zilijengwa kubeba mzigo, na nyingi zikitunzwa bado zina kazi ya kufanya.

Wazazi wengi wanapoifufua hukagua tairi, hubonyeza breki, hupiga kengele, hununua tyubu mpya. Kinachosahaulika ni sehemu iliyofichwa ndani ya lile bomba fupi la chini ya fremu, pale mikono ya pedali inapozungukia. Humo mna ekseli, vikombe viwili vya chuma vilivyofungwa kwa thredi, kimoja kila upande, na gololi zinazozunguka kati ya kikombe na ekseli. Upande wa kushoto mna pia ringi ya kufungia kikombe kisilegee. Mtu anapokanyaga pedali, nguvu zote za mguu hupitia hapo.

Na hapo ndipo maji ya mvua hukusanyika. Rungwe hainyeshewi kwa kubahatisha. Maji huteremka kwenye mabomba ya fremu hadi kwenye kile cha chini kabisa, hukutana na grisi iliyokauka tangu zamani, na kutu huanza kula vikombe na gololi kimyakimya. Nje rangi inang'aa, ndani kuna unga mwekundu.

Kwa nini mteremko hubadilisha hesabu

Baiskeli iliyolegea ekseli kwenye tambarare ya Kyela ni kero. Milimani ni jambo lingine. Kutoka Tukuyu hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa barabara huteremka zaidi ya mita 1,000, na njia za vijijini kuelekea Masukulu, Ikuti au Mwakaleli zina miteremko mikali ya kwao, mingi ikiwa ya udongo unaoteleza.

Ekseli inapocheza, spoketi ya mbele haizunguki tena kwa kunyooka. Huyumba kushoto na kulia, na cheni huvutwa pembeni hadi itoke. Kwa baiskeli zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, ambazo ni nyingi miongoni mwa za watoto na baadhi ya mitumba, cheni ikitoka breki ya nyuma nayo imekwenda. Mtoto anakanyaga nyuma, miguu inazunguka bure, na kilima bado kinaendelea. Kwa sababu hiyo peke yake, baiskeli ya aina hiyo isiruhusiwe kushuka mlima wowote kabla haijafungwa breki ya mkono inayofanya kazi kwenye gurudumu la mbele.

Kuna hatari ya pili ambayo kila aliyekulia kijijini anaijua kwa mwili wake. Mtoto mfupi hafiki kwenye tandiko la baiskeli ya watu wazima, kwa hiyo hupitisha mguu mmoja katikati ya fremu, chini ya lile bomba la juu, na kuendesha akiwa amepinda ubavu. Kwa mkao huo hakai kabisa. Uzito wake wote uko juu ya pedali, tena kwa kuegemea upande. Mkono wa pedali ukiteleza ghafla, mguu huanguka pamoja nao, paja au nyonga hugonga bomba, na uso huenda kwenye usukani. Ni ustadi wa kusifiwa, lakini si wa kuutegemea kwa safari ya shule kila siku.

Kucheza kwa ekseli, kucheza kwa pini

Kabla ya kumfuata fundi, mzazi anaweza kupima mwenyewe kwa dakika mbili bila spana yoyote. Baiskeli isimamishwe, kisha mikono yote miwili ya pedali ishikwe na kusukumwa kulia na kushoto, kuelekea kwenye fremu na kutoka. Haizungushwi, inatikiswa tu.

Mikono yote miwili ikicheza kwa pamoja, kama ubao wa bembea, tatizo liko ndani: vikombe vimelegea, gololi zimekwisha au ekseli imelika. Ukicheza mmoja na mwingine ukatulia, tatizo liko nje, kwenye kotapini, ile pini fupi yenye ubapa upande mmoja inayoufunga mkono wa pedali kwenye ekseli. Tofauti hii ni kubwa mfukoni. Kotapini ni kitu kidogo, na ekseli na vikombe ni habari nyingine, na si mara moja mtu hubadilishiwa vyote wakati kilichohitajika kilikuwa pini moja.

Sauti nayo husema. Tiki moja inayorudi kila mguu uleule unaposhuka mara nyingi ni pini au pedali. Mkwaruzo wa mfululizo, kama mtu anayesaga mchanga, ni gololi.

"Itaingia tu, mama"

Sasa fundi amefungua, amekuta vikombe vimetoboka vishimo, na anahitaji vipya. Mazungumzo yanayofuata yamesikika chini ya miti mingi.

"Fundi, hiki ulicho nacho kitakaa kwenye Raleigh ya mzee?"

"Itaingia tu, mama. Tutailazimisha kidogo."

Neno la kuogopa hapo ni kulazimisha. Vikombe vya ekseli ya pedali havina kipimo kimoja duniani, na vinafanana kiasi kwamba jicho halitoshi. Kikombe kisicho chake kikisukumwa kwa spana ndefu, kitaingia kweli, na kitakachosalimu amri ni thredi za fremu. Kikombe kinabadilishwa kwa siku moja. Fremu iliyoliwa thredi ni kesi ndefu.

Kipimo kilichoenea zaidi ni cha Kiingereza, ambacho wengi hukiita BSA, kwa jina la kiwanda cha Birmingham kilichoanza na bunduki kabla ya kuingia kwenye baiskeli. Bomba lake kwenye fremu lina upana wa milimita 68 kutoka ukingo hadi ukingo. Kikombe kikipimwa juu ya thredi zake kina kipenyo cha inchi 1.37, karibu milimita 34.8, na ndani ya kila inchi moja ya urefu kuna thredi 24. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani zimo kwenye kundi hili, na ndiyo sababu vipuri vyake havisumbui sana.

Raleigh ni ndugu aliyejenga nyumba yake mbali na ukoo. Kiwanda chake cha Nottingham, kilichoanza miaka ya 1880, kilikua hadi kikaweza kujitungia vipimo: kipenyo cha inchi 1 na 3/8, thredi 26 kwa inchi, na bomba ambalo mara nyingi lina upana wa milimita 71. Tofauti ya kipenyo kati yake na BSA ni kama milimita 0.13, yaani unene unaozidi kidogo tu karatasi ya daftari. Huo ndio mtego wenyewe. Kikombe cha thredi 24 kwenye bomba la thredi 26 hakikatai mlangoni. Hukubali mzunguko wa kwanza, pengine na wa pili, kisha hukaza. Fundi asiyejua hudhani ni kutu, akaongeza nguvu, na meno yakaanza kukatana.

Na jina lililoandikwa kwenye fremu si cheti. Baiskeli nyingine za Kiingereza zenye majina tofauti zilitoka kwenye kiwanda hichohicho cha Raleigh, na zipo za miaka ya baadaye zenye jina la Raleigh zilizotengenezwa kwingine kwa kipimo cha BSA. Phoenix na wenzake wa China, pamoja na Hero na Avon za India, zina umbo la baiskeli ya Kiingereza ya zamani, lakini umbo haliwezi kumwambia mtu idadi ya thredi. Ukiongeza kwamba baiskeli ya miaka 40 huenda ilishapakwa rangi mara tatu na kubadilishiwa nusu ya mwili, stika inabaki kuwa pambo.

Kwa hiyo hupimwa. Rula ya shule ya mtoto inatosha kuanzia. Upana wa bomba la fremu, bila kuhesabu kingo za vikombe zinazojitokeza, ukisoma 68, dalili ni BSA. Ukisoma 71, mzazi aanze kufikiria Raleigh na asinunue chochote kabla ya kuangalia thredi. Ukisoma 73, huenda ni fremu ya baiskeli ya milimani ya miaka ya karibuni, ambayo thredi zake kwa kawaida ni zilezile za BSA lakini ekseli yake ni ya upana mwingine.

Kuhesabu thredi kwa macho ni kazi ya kuumiza kichwa kwa sababu kikombe ni kifupi. Ndani ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, BSA ina thredi 12 na Raleigh 13. Moja tu ya ziada, na kutu iko njiani. Ipo njia rahisi zaidi. Kikombe cha zamani kisafishwe kwa brashi ya waya, kisha kilazwe ubavu kwa ubavu na kikombe kipya, thredi kwa thredi, na vyote viwili viinuliwe kuelekea mwanga. Vikiwa vya kipimo kimoja, meno huingiana kama vidole vya mikono miwili na mwanga haupiti. Vikiwa tofauti, meno hukaa sawa upande mmoja na kupandana upande wa pili, na mwanga huonekana.

Kipimo cha mwisho ni vidole. Kikombe sahihi, kwenye bomba lililosafishwa na kupakwa grisi, huingia mizunguko kadhaa kwa mkono mtupu. Spana ni ya kumalizia. Kikombe kinachodai spana tangu mzunguko wa kwanza kirudishwe dukani.

Vya Kifaransa na vya Kiitaliano havionekani sana mitaa ya Tukuyu, ingawa msomaji wa Bukavu au Bujumbura anaweza kukutana na Peugeot ya zamani. Cha Kifaransa ni kipenyo cha milimita 35 na bomba la 68. Cha Kiitaliano ni 36 na bomba la 70.

Halafu zipo fremu ambazo bomba halina thredi kabisa. Baiskeli nyingi za watoto zina mikono ya pedali na ekseli vilivyokunjwa kwa chuma kimoja, na bomba lake ni pana, karibu milimita 51 kwa ndani. Vikombe vyake hugongwa tu vikaingia. Baadhi ya mitumba ya Ujerumani na Uholanzi ina bomba lisilo na thredi la karibu milimita 40. Kumpelekea fundi kikombe cha BSA kwa baiskeli hizo ni sawa na kununua kofia ya kuvaa mguuni.

Upande wa kulia hufunguliwa kinyume

Fremu nyingi huharibikia hapa, tena mikononi mwa watu wenye nia njema. Kwenye BSA na Raleigh, kikombe cha kulia, upande wa cheni, kina thredi za kinyume. Ili kifunguke huzungushwa kuelekea inakokwenda mishale ya saa. Cha kushoto hufunguliwa kawaida. Waliobuni hivyo walikuwa na sababu: mzunguko wa gololi huelekea kukilegeza kikombe polepole, na kwa kugeuza thredi za kulia hulegea kwa tabu. Pedali zenyewe zina mpango kama huo, isipokuwa kwamba yenye thredi za kinyume ni pedali ya kushoto. Kwenye vipimo vya Kifaransa na Kiitaliano vikombe vyote viwili ni vya kawaida.

Kikombe cha kulia kikiwa kizima, wala hakihitaji kutolewa. Husafishwa kikiwa mahali pake, na hukaguliwa kwa ncha ya kalamu. Kalamu ikipitishwa polepole kwenye njia ya gololi na ikateleza bila kukwama, kikombe bado kina maisha. Ikikwama kwenye vishimo, muda wake umefika.

Hili ni la kusisitizwa kwa wenye Raleigh. Vikombe vyake vya zamani havipatikani kila duka, kwa hiyo visitupwe wala kuachwa kwa fundi kabla vingine havijaonekana kwa macho na kujaribiwa. Mara nyingi kilichokufa ni gololi na ekseli, na vikombe vya kiwandani vikisafishwa vinarudi kazini. Gololi za hapo kwa kawaida ni za robo inchi, milimita 6.35, na zikiwekwa bila ringi yake hukaa 11 kila upande. Zibadilishwe zote 22 kwa pamoja. Gololi mpya ikichanganywa na zilizolika, ile kubwa hubeba mzigo wa wenzake wote na kukitoboa kikombe kipya ndani ya msimu mmoja. Za gurudumu la mbele kwa kawaida ni ndogo zaidi. Zisichukuliwe kutoka pakiti moja kwa sababu tu zinang'aa sawa.

Ekseli nayo ina vipimo vyake. Kwanza kuna za kotapini, zenye ncha za mviringo zilizochongwa mfereji, na kuna zenye ncha za pembe nne ambazo mkono wa pedali hufungwa kwa nati au boliti. Hizi mbili hazibadilishani. Pili kuna urefu: wa ekseli nzima, na ule wa katikati, kati ya sehemu mbili zinazokaliwa na gololi. Huu wa katikati ndio unaolingana na upana wa bomba, na ndio unaosahaulika. Ekseli ya bomba la 68 ikiwekwa kwenye bomba la 71, kikombe cha kushoto kitalazimika kuzama mno hadi ringi ya kufungia ikose pa kushika. Tatu, ekseli nyingi zina upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na mrefu huelekea kwenye spoketi. Ikigeuzwa, spoketi itasugua fremu au cheni itakaa kwa kupinda. Nyingine zina namba au herufi zilizogongwa katikati. Zisuguliwe kwa mafuta kidogo zisomeke, kisha zipigwe picha.

Kotapini hutofautiana pia: zipo za milimita 8.5, 9 na 9.5. Ya 9 kwenye tundu la 9.5 hukaa vizuri dukani na kuanza kucheza njiani. Zinapofungwa, ya kulia na ya kushoto huelekezwa kinyume, moja ikiingilia juu na nyingine chini, la sivyo mikono ya pedali haitanyooka mstari mmoja na magoti ya mtoto yatakuwa ya kwanza kulijua hilo. Fundi makini huweka kipande cha bomba la chuma kutoka chini hadi kwenye mkono wa pedali kabla ya kuigonga pini kwa nyundo, ili kishindo kishuke ardhini badala ya kutoboa vikombe vipya. Mzazi akiona bomba hilo, amefika mahali pazuri. Ndaga fijo, na kazi iendelee.

Kabla ya kulipa nauli ya Mbeya

Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70. Kwenda Mwanjelwa na kurudi na kikombe kisichoingia ni nauli mbili na siku moja shambani iliyopotea. Simu inaokoa hilo. Kikombe, ekseli na kotapini vilazwe juu ya karatasi nyeupe, rula iwekwe kando yake ili namba zisomeke, vipigwe picha kutoka juu moja kwa moja, na picha itumwe kwa muuzaji pamoja na upana wa bomba la fremu. Na hata baada ya muuzaji kujibu kwamba anavyo, vile vya zamani visafiri mfukoni. Maelezo ya mdomo kwamba "ni ya Raleigh ile kubwa" yameshawarudisha watu wengi mikono mitupu.

Kama thredi za fremu zimeshakwisha, wengi hukimbilia kuchomelea. Kikombe kinachomelewa kwenye bomba na baiskeli inatoka siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba vikombe vya gololi hutengenezwa kwa chuma kilichokomazwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Joto la kuchomelea hukilainisha tena, na gololi hukila haraka. Zaidi ya hapo, kikombe kilichochomelewa hakirekebishwi wala hakitolewi. Ni suluhisho la kufika nyumbani siku ya soko, si la kumpandisha mtoto kwa miaka minne ya sekondari. Kuzungushia kipande cha kopo la soda kwenye thredi ni hivyohivyo. Kuna ekseli za kisasa zilizofungwa pamoja na gololi zake ndani ya mkebe mmoja, na miongoni mwake zipo zinazojibana ndani ya bomba bila kutegemea thredi. Ikipatikana ya upana unaolingana, hiyo ndiyo ya kulipia. Isipopatikana, fremu nyingine ya mtumba huenda ikawa nafuu kuliko kubishana na hii.

Hatari za siku ya matengenezo

Matengenezo yenyewe yana hatari ambazo hazihusiani na barabara. Grisi ya zamani huoshwa kwa mafuta ya taa au petroli, na katika nyumba nyingi kilicho karibu ni chupa ya maji au ya soda. Mtoto wa miaka miwili haulizi kilichomo. Mafuta ya taa yakimezwa huweza kuingia kwenye mapafu, na kumtapisha mtoto huongeza hatari hiyo. Asitapishwe, asinyweshwe maziwa kama dawa. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na chupa yenyewe ibebwe. Petroli isitumike karibu na jiko la kuni, hata kama moto unaonekana umezimika.

Gololi za milimita 6 ni saizi ya koo la mtoto mdogo, tena zinang'aa. Zihesabiwe zinapotoka na zinapoingia. Mtoto aliyekuwa akizichezea na ghafla akaanza kukohoa, kukoroma au kupumua kwa mluzi anahitaji hospitali hata kama kikohozi kimetulia baadaye, kwa sababu gololi iliyoingia kwenye njia ya hewa huweza kunyamaza bila kutoka.

Na mtoto akianguka na baiskeli, kidonda kilichoingia udongo na kutu kioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, kisha aonwe kituoni kuhusu chanjo ya pepopunda. Akigonga kichwa, wazazi waangalie kutapika kunakorudiarudia, usingizi usio wa kawaida, degedege, au damu na majimaji puani au masikioni. Akichomwa tumboni na ncha ya usukani, alama inaweza kuwa ndogo kama sarafu huku wengu au ini vikiwa vimeumia. Tumbo likizidi kuuma, akipauka au akitapika, asisubiri asubuhi. Makandana, Igogwe au Itete, inayofikika haraka ndiyo ya kwendea.

Baiskeli ikishafungwa, ipandwe kwanza na mtu mzima, kwenye tambarare, kisha kwenye mlima mfupi. Tandiko lishushwe hadi goti la mtoto libaki limepinda kidogo pedali ikiwa chini kabisa. Likishindikana kushuka kiasi hicho, baiskeli ni kubwa kwake na yafaa ingojee mwaka mmoja. Baada ya wiki ya kwanza nati za kotapini zikazwe tena, kwa kuwa pini mpya hukaa sawasawa baada ya kubebeshwa mzigo, na mikono ya pedali itikiswe upya kulia na kushoto. Gololi zilizobaki na vikombe vya zamani vitiwe kwenye kopo lenye mfuniko na kuwekwa juu, mtoto mdogo asikofikia.